Seli ya mafuta ni nini? Umeme wa haidrojeni unaojaribiwa Ulaya, na maana yake kwa Njombe na Makambako

Mitambo midogo ya umeme wa maji ya mkoa wa Njombe ina tabia moja inayojulikana na kila anayeitumia. Masika mto umejaa na umeme unazidi mahitaji. Usiku wa manane maji yanapita bila kazi kwa sababu watu wamelala. Kiangazi mto unapungua, na jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na mashine za kusaga bado zinafanya kazi, umeme hautoshi. Swali la wengi ni hili: je, kuna njia ya kuweka akiba umeme wa Machi ili utumike Oktoba, kama tunavyoweka mahindi ghalani?

Njia moja inayotajwa sana katika habari za nishati ni haidrojeni na kifaa kinachoitwa seli ya mafuta. Nchi za Umoja wa Ulaya zimetumia mabilioni ya euro kukiendeleza, zikiwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu na wenye viwanda. Makala hii inaeleza kifaa hicho kinavyofanya kazi, ushirikiano huo wa Ulaya umefikia wapi, na mwananchi wa Njombe au Makambako apime vipi akisikia kwamba umeme wa haidrojeni unakuja.

Seli ya mafuta inavyofanya kazi

Jina lisikuchanganye. "Mafuta" hapa hayana maana ya dizeli wala petroli. Ni kitu chochote kinacholiwa na kifaa ili kitoe nguvu, na mara nyingi kitu hicho ni gesi ya haidrojeni.

Seli ya mafuta ni kifaa kinachochanganya haidrojeni na oksijeni ya hewani bila kuwasha moto. Haidrojeni inaingia upande mmoja, hewa inaingia upande wa pili. Katikati kuna utando mwembamba uliopakwa kichocheo, mara nyingi madini ya platini. Kichocheo kinaipasua haidrojeni vipande viwili. Kipande kimoja kinapenya kwenye utando. Kingine, ambacho ndicho chenye umeme, kinazuiwa, hivyo kinalazimika kuzunguka kupitia waya. Mzunguko huo wa kwenye waya ndio umeme wenyewe. Vipande vikikutana tena upande wa hewa vinageuka kuwa maji. Kinachotoka kwenye kifaa ni umeme, joto na maji. Hakuna moshi, na kelele ni ndogo.

Seli moja hutoa chini ya volti moja. Kwa hiyo hupangwa nyingi pamoja, kama sahani kabatini, mpaka umeme utoshe kuendesha mnara wa simu, basi au nyumba.

Zipo aina kadhaa. Iliyoelezwa hapo juu hufanya kazi kwenye joto lisilofikia la maji yanayochemka, na inahitaji haidrojeni safi sana. Aina nyingine imetengenezwa kwa kauri na hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 600 na kuendelea. Hii haichagui sana chakula: inaweza kutumia gesi asilia, au hata biogesi ikishasafishwa vizuri.

Jambo la kushika mapema ni kwamba seli ya mafuta haizalishi nguvu kutoka hewani. Haidrojeni haichimbwi kama makaa ya mawe ya Ludewa. Sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika duniani leo inatengenezwa kutoka gesi asilia na makaa ya mawe, na moshi wake unachafua hewa hukohuko kiwandani. Njia safi ni kupitisha umeme kwenye maji ili kuyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwa hiyo anayetaka haidrojeni safi lazima awe na umeme kwanza. Haidrojeni ni ghala la umeme, haiwi shamba lake.

Ulaya walivyoanza

Wazo hili ni la zamani kuliko gari. Mwaka 1839 William Grove wa Wales alionyesha kwamba haidrojeni na oksijeni zinaweza kutoa umeme, na katika kipindi hichohicho Christian Friedrich Schönbein, aliyefanya kazi Uswisi, aliandika juu ya jambo hilo. Lilibaki maabara kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1959 Mwingereza Francis Thomas Bacon alionyesha mtambo wa kilowati 5 mjini Cambridge. Kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya seli za mafuta zilizobebwa na vyombo vya Apollo vya Marekani vilivyokwenda mwezini. Wanaanga walipata umeme, na maji yaliyotoka humo waliyanywa.

Kutoka mwezini hadi kijijini kulikuwa na kikwazo kikubwa, nacho ni bei. Mwenye kiwanda hataki kujenga laini ya kutengeneza kitu ambacho hakina wanunuzi. Mnunuzi hataki kununua kitu cha bei kubwa ambacho hakijathibitishwa. Mtafiti ana majibu ya maabara, lakini hana barabara wala nyumba za kujaribia. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Ili kuvunja mzunguko huo, mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha chombo cha pamoja cha seli za mafuta na haidrojeni, makao yake Brussels. Mezani walikaa watatu: Kamisheni ya Ulaya kwa niaba ya serikali, umoja wa kampuni, na umoja wa taasisi za utafiti. Umoja wa Ulaya uliahidi euro milioni 470 kwa awamu ya kwanza, na upande wa viwanda na watafiti ukatakiwa kuchangia kiasi kinacholingana. Awamu ya pili ilianza 2014 ikiwa na hadi euro milioni 665 za umma. Awamu ya tatu, inayoendelea hadi 2027, ilitengewa euro bilioni 1 za umma.

Masharti yake yanafaa kujulikana. Kwa kawaida mradi hauwezi kupata fedha kama hauna washiriki wasiopungua watatu kutoka nchi tatu tofauti. Anayetengeneza, anayepima na anayetumia wanaingia mkataba mmoja. Na muhtasari wa matokeo unatakiwa kuwekwa wazi ili wengine wajifunze, hata pale ambapo mambo hayakwenda vizuri.

Walichojifunza barabarani, majumbani na vijijini

Mabasi. Kabla hata ya chombo hicho, mradi ulioitwa CUTE ulipeleka mabasi 27 ya haidrojeni katika miji tisa, yakiwemo majiji ya London, Madrid, Hamburg na Stockholm. Kila mji ulipata matatu. Wakati huo basi moja liligharimu zaidi ya euro milioni moja. Miradi ya baadaye, JIVE na JIVE 2, ilikusanya miji mingi inunue kwa pamoja, karibu mabasi 300 kwa jumla, ili kushusha bei. Bei ilishuka karibu nusu, lakini bado ni juu kuliko basi la dizeli.

Majumbani. Mradi wa ene.field, ulioanza 2012, uliweka seli za mafuta katika nyumba zaidi ya 1,000 za nchi kadhaa za Ulaya. Zilitumia gesi ya bomba, zikatoa umeme, na joto lake likapasha maji na vyumba. Kwa nchi ya baridi joto hilo lina thamani. Njombe nako Juni na Julai kuna baridi kali, lakini hakuna bomba la gesi.

Reli. Septemba 2018, kaskazini mwa Ujerumani, treni za haidrojeni zilizotengenezwa na kampuni ya Alstom zilianza kubeba abiria. Dunia ilishangilia. Lakini mwaka 2023 mamlaka ya usafiri ya jimbo hilohilo la Lower Saxony ilitangaza kwamba treni zake zijazo za kuchukua nafasi ya dizeli zitatumia betri na nyaya za umeme, kwa sababu gharama za kuziendesha ni nafuu zaidi. Hilo ni jibu la maana: kifaa kinaweza kufanya kazi vizuri na bado kishindwe sokoni.

Maabara. Katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, watafiti waliwasha seli za kauri Agosti 2007 na kuziacha zifanye kazi zaidi ya miaka 11, kuona zinachakaa vipi. Uvumilivu wa namna hii hauonekani kwenye matangazo ya biashara, lakini ndio unaomwambia mnunuzi kama kifaa kitadumu.

Vijijini. Mradi unaokaribiana zaidi na hali yetu unaitwa REMOTE, ulioanza 2018 chini ya uratibu wa chuo kikuu cha ufundi cha Turin, Italia. Ulilenga sehemu ambazo gridi haifiki au ni dhaifu. Miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa ni Ginostra, kijiji cha kisiwani Italia kilichozoea jenereta za dizeli. Shamba la Rye karibu na Trondheim, Norway, lenye upepo na sola. Na Agkistro, kaskazini mwa Ugiriki, penye mtambo mdogo wa umeme wa maji. Wazo ni lilelile la ghala: umeme unapozidi, tengeneza haidrojeni, unapopungua, seli ya mafuta iirudishe kuwa umeme. Betri zimewekwa pia, kwa ajili ya mahitaji ya saa chache.

Hesabu ya mashine ya kusaga

Tuihamishie hesabu hii nyumbani kwa kutumia uniti, zilezile tunazonunua kwa LUKU.

Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kutenganisha maji kunahitaji umeme wa uniti 55 hivi. Kilo hiyo ikipita kwenye seli ya mafuta inarudisha uniti 16 au 17. Maana yake, ukiweka uniti 100 ghalani, unatoa kama 30. Nyingine zinapotea njiani kama joto. Betri nzuri ya lithiamu ukiiwekea uniti 100 inarudisha 85 au zaidi.

Chukua mashine ya kusaga ya kilowati 10 inayofanya kazi saa tano kwa siku. Inakula uniti 50. Kwa siku moja itahitaji kilo 3 za haidrojeni, ambazo kuzitengeneza kunahitaji uniti 165. Haidrojeni ni gesi nyepesi mno, hivyo hata ikishindiliwa mara 30 ya msukumo wa kawaida wa hewa, kilo hizo 3 zinajaza zaidi ya lita 1,200. Ni ukubwa wa tangi la maji la nyumbani, lakini la chuma, lililojengwa kuhimili shinikizo.

Sasa ikiwa kijiji kinataka kuvuka siku 100 za kiangazi, kinahitaji kilo 300. Hayo ni matangi 125 ya lita 1,000 kila moja, na uniti 16,500 za masika zitakazorudi zikiwa 5,000 tu. Maji yenyewe hayana tatizo: lita 3,000 au zaidi kidogo zinatosha, ingawa lazima yasafishwe sana. Tatizo ni gharama ya matangi, mtambo wa kutenganisha maji na seli zenyewe.

Hesabu hii inatupa kanuni rahisi. Kwa kuhifadhi umeme wa mchana utumike usiku, betri inashinda. Haidrojeni inaanza kuleta maana pale ambapo akiba inatakiwa kukaa wiki au miezi, umeme unaozidi ungepotea bure, na hakuna waya wa gridi karibu. Masharti hayo matatu lazima yatimie pamoja.

Njombe na Makambako zinasimama wapi

Mkoa huu unaujua ushirikiano na Ulaya katika umeme, ila kwa njia nyingine. Mawengi, wilayani Ludewa, mtambo wa maji wa kilowati 300 ulijengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la ACRA la Italia, na jumuiya ya watumiaji, LUMAMA, ikaundwa kuuendesha. Matembwe na Ikondo, shirika jingine la Italia, CEFA, lilisaidia umeme wa maji unaosimamiwa na kampuni ya vijiji, na unaozidi unauzwa TANESCO. Njombe mjini, kampuni ya TANWAT imekuwa ikizalisha umeme kwa mabaki ya miti.

Mfano mkubwa kuliko yote unaanzia Makambako. Laini ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilometa 250 hivi, ilijengwa na Serikali ya Tanzania kwa ushirikiano na Sweden. Songea ilipounganishwa na gridi mwaka 2018, jenereta za dizeli zilizokuwa zikiulisha mji zilizimwa. Dizeli iliondolewa na waya na nguzo, vitu vinavyojulikana na mafundi wetu.

Hilo linabadilisha hesabu ya haidrojeni. Mtambo mdogo ulio karibu na gridi hauhitaji ghala: unaozidi masika unauzwa TANESCO, na kiangazi unanunua. Gridi yenyewe inakuwa ghala. Kwa kuwa umeme wa REA umeshafika vijijini na kazi sasa imeelekezwa kwenye vitongoji, sehemu ambazo seli ya mafuta ingehitajika zinazidi kuwa chache: milima ya mbali ya Makete, baadhi ya mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, na minara ya simu iliyo juu ya vilele.

Minara ndiyo mahali ambapo seli za mafuta zimeingia Afrika mapema. Afrika Kusini, Vodacom ilizifunga kwenye baadhi ya minara yake. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israeli ilitangaza makubaliano na Adrian ya Kenya kuhusu mitambo 800 kwa ajili ya minara, mitambo inayopata haidrojeni kutoka kwenye amonia, ambayo ni rahisi kusafirisha kuliko gesi yenyewe.

Makambako ina jambo moja la ziada. Pamoja na Singida, ni kati ya maeneo ya nchi yaliyopimwa na kuonekana kuwa na upepo mzuri wa kuzalisha umeme. Siku upepo huo utakapozalisha umeme mwingi kuliko mahitaji ya usiku, mjadala wa haidrojeni utakuwa na uzito mpya, hasa kwenye njia panda ya malori na reli ya TAZARA.

Haidrojeni inaweza kutufikia kupitia mfuko wa mbolea

Mkulima wa viazi wa Njombe anaitumia haidrojeni kila msimu bila kuitaja. Urea na CAN hutengenezwa kutoka amonia, na amonia hutengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni ya hewani. Bei ya gesi asilia inapopanda duniani, bei ya mfuko wa mbolea dukani inapanda pia, kama ilivyotokea mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza.

Ndiyo maana Kenya imeweka mbolea mbele. Septemba 2023 jijini Nairobi, Rais William Ruto na Rais wa Kamisheni ya Ulaya Ursula von der Leyen walizindua mkakati wa Kenya wa haidrojeni safi, na Umoja wa Ulaya ukaahidi msaada wa karibu euro milioni 12. Mbolea ya ndani, inayotengenezwa kwa umeme kama ule wa jotoardhi, ni kati ya malengo yake ya kwanza. Kwa mkulima wa Lupembe au Wanging'ombe, hilo lina faida ya karibu kuliko basi la haidrojeni.

Usalama

Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikivuja inapanda juu haraka, na hiyo ni nafuu ikiwa nje. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya darini, na cheche ndogo inatosha kulipua. Moto wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Matangi hukaa nje, yakiwa na uzio, vipima uvujaji na fundi aliyesomea kazi hiyo. Fundi wa gesi ya kupikia asiguse mtambo huu kwa kukisia.

Ikumbukwe pia kwamba Njombe iko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Seli ya mafuta inavuta hewa, hivyo nguvu yake hupungua kidogo huku juu, kama ilivyo kwa injini ya dizeli.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji

Ikiwa kampuni, shirika au mradi utaleta pendekezo la umeme wa haidrojeni, wanakijiji wana haki ya kuuliza, na kupata majibu kwa maandishi:

1. Haidrojeni itatoka wapi? Ikiwa itatengenezwa hapa, umeme wake unatoka wapi? Ikiwa italetwa na lori, nani atalipia usafiri wakati wa mvua?
2. Kati ya kila uniti 100 zitakazowekwa, ngapi zitarudi?
3. Kwa nini isiwe betri, au kuvuta gridi? Gharama za njia zote tatu ziko wapi?
4. Mtambo huu umefanya kazi saa ngapi, mahali gani, na taarifa ya vipimo tunaipata wapi?
5. Utando na kichocheo vinachakaa. Vitabadilishwa baada ya muda gani, kwa fedha za nani?
6. Nani ataufundisha mtambo huu kwa vijana wetu, na fundi wa karibu atakuwa wapi?
7. Wafadhili wakiondoka, mtambo ni mali ya nani, na uniti moja itauzwa kwa bei gani? EWURA imeshirikishwa?

Maswali haya ni yaleyale ambayo miji ya Ulaya ilijiuliza kabla ya kununua mabasi, na ambayo Lower Saxony ilijiuliza kuhusu treni zake. Wao waliyajibu kwa kukaa meza moja: mtengenezaji, mpimaji na mtumiaji. LUMAMA na kampuni ya Matembwe zinaonyesha kwamba watumiaji wa Njombe nao wanajua kukaa kwenye meza hiyo.

Maneno yaliyotumika

Haidrojeni: gesi nyepesi kuliko zote, inayopatikana ndani ya maji.
Seli ya mafuta: kifaa kinachogeuza haidrojeni na hewa kuwa umeme, joto na maji, bila moto.
Kichocheo: kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa.
Uniti: kipimo cha umeme uliotumika, ni kilowati moja kwa saa moja.
Amonia: gesi yenye haidrojeni na naitrojeni, malighafi ya mbolea za kukuzia.